UCHANGANUZI: Sheria za zabuni zinavyowaacha gizani watengenezaji wa sare za jeshi

KIWANDA cha nguo kinachotaka kuliuzia jeshi sare hulazimika kujibu swali moja kabla ya kununua hata kilo moja ya uzi. Je, ni askari wangapi watakaovishwa mwaka ujao?

Kwa kampuni inayoshona sare za wanafunzi, jibu si gumu. Shule hufunguliwa Januari, idadi ya watoto hukadirika, na sweta iliyokosa mnunuzi mwaka huu itauzwa mwakani. Anayeshona kombati za jeshi ana mnunuzi mmoja tu, naye ni serikali. Mnunuzi huyo hafuati majira wala fasheni. Hufuata sheria.

Sheria yenyewe ni ile ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, pamoja na kanuni zake za mwaka wa 2020. Ilitungwa ili kutekeleza Kifungu cha 227 cha Katiba, kinachoagiza taasisi za umma zinunue bidhaa kwa haki, usawa, uwazi, ushindani na kwa gharama nafuu.

Katika nchi iliyoshuhudia sakata za Goldenberg na Anglo Leasing, ni vigumu kumpata mtu wa kuyapinga malengo hayo. Hata hivyo, anayeisoma sheria hiyo akiwa upande wa pili wa meza, upande wa mwenye cherehani, huona sura nyingine. Karibu kila sehemu inayomlinda mlipa ushuru humwongezea mtengenezaji jambo jingine la kubahatisha. Hatari ya kukisia vibaya haikuondolewa. Imehamishwa tu kutoka ofisi ya serikali hadi ghala la kiwanda.

Sehemu ya 53 ndiyo mwanzo wa yote. Humtaka afisa mhasibu wa kila taasisi aandae mpango wa ununuzi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na humkataza kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuridhika kwamba fedha za kutosha zimetengwa. Kinadharia, mpango huo ndio dira ya mtengenezaji.

Lakini ni dira ya miezi 12 pekee, ilhali kitambaa cha kombati hakitengenezwi kwa siku moja. Pamba husokotwa kuwa uzi, uzi hufumwa, kitambaa hutiwa rangi na kuchapishwa mabaka, kisha hupimwa ili kubaini iwapo kinachuja au kuraruka upesi. Ni baada ya hapo ambapo fundi huchukua makasi. Kiwanda kinachongoja zabuni itangazwe ndipo kiagize uzi huenda kikachelewa kuwasilisha mzigo. Kinachoagiza mapema nacho kinacheza kamari.

Isitoshe, mpango wa Julai si lazima uwe mpango wa Februari. Bajeti ya ziada inaweza kuufyeka wakati wowote. Mwaka wa 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto aliutupilia mbali Mswada wa Fedha mnamo Juni 26, siku chache tu kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza. Serikali ililazimika kupunguza matumizi, na mipango iliyokuwa imekamilika ikarejeshwa mezani ili ipunguzwe.

Panapokuwa na ukataji wa aina hiyo, sare ni miongoni mwa vitu rahisi kuahirishwa. Mshahara wa askari hauwezi kungoja, wala chakula chake. Shati lililochakaa linaweza kuvumiliwa mwaka mmoja zaidi, na hakuna atakayeandamana.

Hata pale fedha zinapopatikana, tarehe haina uhakika. Mshindi wa zabuni akishatangazwa, mkataba hauwezi kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita, muda ambao walioshindwa wanaweza kulalamika mbele ya bodi inayotathmini malalamishi ya zabuni za umma. Bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi. Asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45. Kutoka hapo kuna siku saba za kukata rufaa, na siku nyingine 45 kwa Mahakama ya Rufaa.

Kila hatua ikitumia muda wake wote, jumla ni siku 146. Hiyo ni karibu miezi mitano katika mwaka wa fedha wenye miezi 12. Mwanakandarasi aliyeshinda kihalali hukaa muda huo wote akiwalipa mafundi wake, kwa kuwa akiwaachilia hatawapata tena uamuzi ukitoka.

Sehemu ya 139 nayo ina vifungo viwili ambavyo wauzaji wa nguo huvihisi kuliko wauzaji wengi. Kwanza, bei ya mkataba haiwezi kupandishwa ndani ya miezi 12 tangu utiwe saini. Pili, kiasi cha bidhaa hakiwezi kubadilishwa kwa zaidi ya asilimia 15 ya kile kilichoandikwa.

Kuhusu bei, mwaka wa 2023 uliwapa wengi funzo chungu. Dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa kwa takriban Sh123 mwaka huo ulipoanza, na ulipomalizika ilikuwa imekaribia Sh157. Yeyote aliyeahidi kuuza sare kwa shilingi huku akinunua uzi, rangi na zipu kwa dola alijikuta akishona kwa hasara. Mwaka wa 2024 shilingi iliimarika hadi karibu Sh130, na sasa aliyekuwa amejaza ghala kwa hofu ya bei kupanda zaidi ndiye aliyeumia.

Kuhusu kiasi, tuseme mkataba ni wa suti 20,000 za kombati. Jeshi likihitaji zaidi, linaweza kuongeza suti 3,000 tu. Zaidi ya hapo ni zabuni mpya. Sababu ya kikomo hicho inaeleweka, maana bila hicho zabuni ndogo ingegeuzwa kuwa kandarasi kubwa kupitia mlango wa nyuma. Kwa mtengenezaji, hata hivyo, maana yake ni kwamba hawezi kutegemea oda ya leo ikue kadiri mahitaji yanavyokua. Kesho ataanza upya, akishindana na mtu ambaye huenda hajawahi kumiliki hata cherehani moja.

Yapo pia masuala ya vipimo, ambayo wasiojua kazi ya ushonaji huyapuuza. Suti 20,000 si suti 20,000 za mtu mmoja. Kuna wafupi na warefu, wembamba na wanene, wanaume na wanawake, na kwa buti kuna namba za miguu. Makurutu wanapoajiriwa kutoka kila kaunti, hakuna anayejua vimo vyao hadi wafike kambini. Afisa wa stoo huandika mgawanyo wa saizi kwa kutazama mwaka uliopita. Akikosea, kiwanda kitakuwa kimetimiza mkataba neno kwa neno, stoo itakuwa imejaa, na bado kutakuwa na askari wanaotembea na suruali zilizokunjwa mara mbili.

Tatizo linalotofautisha jeshi na wizara nyingine zote ni la siri. Sheria inaviruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha ya vitu ambavyo ununuzi wake haufanywi hadharani. Mtu anaweza kuuliza shati lina siri gani. Shati lenyewe halina, lakini idadi yake inayo. Anayejua ni suti ngapi, buti ngapi na kofia ngapi zimenunuliwa kwa miaka mitatu mfululizo anakaribia kujua jeshi lina askari wangapi na wangapi wameongezwa. Anayeona kitambaa cha rangi ya jangwa kikiagizwa kwa wingi anaweza kukisia wanakopelekwa.

Oktoba 2011, Kenya ilipotuma wanajeshi nchini Somalia katika operesheni ya Linda Nchi, kamwe haingetarajiwa kumwarifu mwenye kiwanda miezi sita mapema ili aandae nyuzi. Kwa hivyo, mtengenezaji anatakiwa akisie nambari ambayo serikali, kwa sababu halali kabisa, haina nia ya kumtajia.

Akikisia kupita kiasi, hana pa kukimbilia. Ni hatia kwa raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, hivyo kitambaa cha mabaka kilichobaki ghalani hakiwezi kupelekwa Gikomba wala Kongowea. Hata kukitumia kushona mabegi ni kujitafutia balaa. Bidhaa nyingine ikikosa soko hupunguzwa bei. Hii hungoja zabuni nyingine, kama mabaka yenyewe yatakuwa hayajabadilishwa.

Kuna upotoshaji mwingine ambao haujadiliwi sana, unaotokana na utaratibu wenye nia njema. Tangu mwaka wa 2013, chini ya mpango unaofahamika kama AGPO, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni nyingi za makundi hayo ni ndogo na hazina viwanda vya kufuma. Zinapotaka kuwania zabuni ya nguo, huenda kwa mwenye kitambaa kuulizia bei.

Sasa, kampuni 10 zikiwania zabuni moja ya mita 30,000, kila moja itauliza bei ya mita 30,000. Meneja wa mauzo huona maswali ya mita 300,000. Asipokuwa mwangalifu, ataamini kwamba soko limefufuka, aagize uzi na kuongeza zamu ya usiku. Mwishowe itakuja oda moja, au isije kabisa kwa kuwa mshindi amenunua kwingineko. Aidha, mshindi mwenyewe mara nyingi hana fedha taslimu. Ana LPO mkononi, nayo benki huitazama kwa jicho la shaka kwa sababu inajua muda ambao serikali huchukua kulipa.

Kuhusu malipo, itoshe kusema kwamba kamati iliyoundwa mwaka wa 2023 chini ya aliyekuwa Mkaguzi Mkuu, Edward Ouko, ilipewa jukumu la kuhakiki madeni ya serikali ya tangu mwaka wa 2005 hadi Juni 2022. Deni la miaka 17 linaweza kuzika kiwanda pamoja na mwenyewe.

Viwanda vya Kenya havikuwa na siha ya kuhimili mitikisiko kama hiyo. Rivatex ya Eldoret, iliyoanzishwa miaka ya 1970, iliporomoka katika miaka ya 1990 wakati soko lilipofunguliwa na mitumba ikafurika. Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua mwaka wa 2007, mitambo mipya ikaletwa kwa mkopo kutoka India, na Rais Uhuru Kenyatta akaifungua upya Juni 2019. Matumaini ya wakulima wa pamba, na ya wanasiasa pia, yalikuwa kwamba sare za askari, wauguzi na wanafunzi ndizo zingeihakikishia kazi.

Sheria yenyewe inaegemea upande huo, kwa kuwa inatoa kipaumbele kwa bidhaa zinazotengenezwa nchini, zikiwemo nguo. Lakini kipaumbele si oda. Kumwambia mtu kwamba utanunua kwake kwanza hakumjulishi utanunua kiasi gani, wala lini.

Jinsi mambo yanavyoweza kugeuka ghafla ilionekana Septemba 2018, polisi walipozinduliwa sare mpya za buluu na ikatangazwa kwamba zingeshonwa na Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Kwa yeyote aliyekuwa na mzigo wa kitambaa cha rangi ya zamani, tangazo hilo lilibeba habari mbili mbaya kwa pamoja. Rangi ilikuwa imebadilika, na mshonaji pia. Hakuna hesabu ya mauzo ya miaka 10 iliyopita ambayo ingeweza kubashiri jambo hilo.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kufunga mipaka kabisa na kulazimisha vikosi kuvaa nguo za nyumbani tu. Taifa ambalo limejaribu hilo kwa muda mrefu ni Marekani, na matokeo yake yanafaa kutazamwa kwa makini.

Tangu mwaka wa 1941, sheria inayojulikana kama Berry Amendment imeilazimisha Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo kununua nguo zilizotengenezwa Marekani kuanzia nyuzi hadi mshono wa mwisho, isipokuwa kwa ununuzi mdogo au pale bidhaa inapokosekana nchini. Ununuzi hufanywa na ofisi moja kubwa iliyoko Philadelphia. Bila sheria hiyo, viwanda vingi vya nguo vilivyosalia huko vingefungwa zamani.

Soko hilo lililolindwa halikuwapa watengenezaji uwezo wa kuona mbele. Oktoba 2000, mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Eric Shinseki, alitangaza kwamba wanajeshi wake wote wangevaa bereti nyeusi kufikia Juni 14, 2001. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza bereti nchini humo ilikuwa moja tu, katika jimbo la Arkansas, na kwa vyovyote isingeweza kutengeneza mamia ya maelfu katika miezi minane.

Sheria ikalegezwa na oda zikapelekwa ng'ambo, baadhi zikaishia China. Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani ikagongana na ndege ya kivita ya China, uhusiano ukaharibika, na mwezi uliofuata Pentagon ikaamuru bereti za kutoka China zisivaliwe. Zaidi ya bereti 600,000 zilibaki bila wa kuzivaa. Uamuzi wa ofisa mmoja uliunda mahitaji, na ajali ya ndege ikayafuta.

Hayo hayakuwa ya mara moja. Mabaka ya rangi ya kijivu ambayo jeshi hilo lilianza kuyavaa mwaka wa 2005 yalilalamikiwa vikali na askari waliokuwa Afghanistan. Mwaka wa 2012, ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria kwamba kuyabadilisha pamoja na vifaa vinavyoendana nayo kungeweza kugharimu hadi dola bilioni 4 kwa miaka mitano. Mabaka mapya yalianza kuuzwa kwa wanajeshi mwaka wa 2015, na ya zamani yakaruhusiwa hadi mwaka wa 2019. Miaka hiyo minne ya mpito iliwapa wenye viwanda nafasi ya kumaliza kitambaa cha zamani na kuandaa kipya. Polisi wa Kenya walipobadilishiwa rangi, tangazo na uzinduzi vilikuja kama pacha.

Kitu kingine ambacho Marekani inafanya, na ambacho kinaweza kuigwa bila kufunga mpaka wowote, kimo ndani ya mikataba. Pale serikali isipojua itahitaji kiasi gani, mkataba hutakiwa kutaja kiwango cha chini na cha juu. Kile cha chini ni ahadi: serikali inalazimika kukinunua hata mipango ikibadilika. Mwenye kiwanda huagiza uzi wa kiwango hicho bila wasiwasi, na kwa kiasi kinachozidi hapo hujua kwamba anabahatisha kwa hiari yake.

Sheria ya Kenya ina mlango wa kupitia. Sehemu ya 114 inaruhusu mikataba ya hadi miaka mitatu, ambapo bei na masharti hukubaliwa mapema kisha bidhaa zikaagizwa kidogo kidogo kadiri zinavyohitajika. Kwa sare, utaratibu huo unafaa mno. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo hiyo inataka pawe na wauzaji wasiopungua saba, na oda inaweza kushindaniwa tena miongoni mwao. Kwa karatasi au vyakula, wauzaji saba si wengi. Katika nchi ambayo viwanda vyenye uwezo wa kufuma na kuchapisha kitambaa cha kijeshi vinahesabika kwa vidole, saba hao watakuwa nani, kama si mawakala wanaonunua kwa watu wale wale wawili au watatu?

Kuongeza kiwango cha chini kwenye mikataba hiyo hakungefichua siri ya jeshi. Kiwango cha chini hakisemi kuna askari wangapi. Kinasema tu kwamba hawapungui idadi fulani, jambo ambalo adui yeyote analijua tayari. Kungeigharimu Hazina ya Kitaifa uhuru wa kufyeka bajeti katikati ya mwaka, na huenda hapo ndipo pingamizi kubwa litakapotoka.

Mfumo wa zabuni za kielektroniki ambao serikali ilianza kuusukuma mwaka wa 2025, na ambao ulipelekwa kortini mapema, unaweza kurahisisha upatikanaji wa mipango ya ununuzi. Kwa bidhaa za kawaida hilo litasaidia. Kwa vitu vilivyo katika orodha ya siri, tarakilishi haitaonyesha zaidi ya kile ambacho karatasi ilificha.

Mwaka huo huo wa 2025 ulileta mfano mwingine. Serikali ilipanga kuajiri makurutu 10,000 wa polisi, lakini shughuli hiyo ikakwama kortini kutokana na mzozo kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuajiri. Zoezi lilifanyika Novemba, baada ya wiki kadhaa za vuta nikuvute. Makurutu 10,000, kila mmoja akihitaji sare, buti, kofia na mshipi, si oda ndogo kwa kiwanda chochote cha humu nchini. Ratiba yake ilikuwa mikononi mwa jaji, ambaye alikuwa akiamua suala jingine kabisa.